Majani yanayokula zinki: uchafu wa mugodi unaogeuka kuwa chombo cha kazi

Kila mama anayepika munkoyo anajua siri hii. Unapika uji wa mahindi, unakuwa muzito. Unauacha upoe kidogo, unatia mizizi ya munkoyo iliyopondwa, unakoroga, unafunika. Baada ya muda, uji uliosimama mu sufuria unalegea na kuwa mwepesi, na utamu unaingia mule bila mutu kutia hata kijiko kimoja cha sukari. Kisha unachuja, unaondoa mizizi. Mizizi haikugeuka uji. Imefanya kazi yake na imetoka.

Ndani ya ile mizizi muna vitu vidogo sana, jicho haliwezi kuviona, ambavyo vinakata wanga wa mahindi vipande vipande mpaka unakuwa sukari. Ndiyo maana bamama wanakataza kutia mizizi mu uji unaochemuka: moto mukali unaua ile nguvu, na asubuhi utakuta uji ni uji tu.

Wenye kusoma kemia wana jina la kitu cha namna hii. Kwa Kiswahili ni kichocheo. Ku masomo batoto wetu wanakisikia kwa Kifransa, *catalyseur*. Mu makala haya tunataka kusema juu ya vichocheo vinavyotoka mu uchafu, na zaidi uchafu wa migodi. Ni habari inayotuhusu sisi watu wa shaba na kobalti, maana uchafu tunao, milima mizima.

Kazi ya mushenga

Tuanze na kitu chenyewe. Familia mbili zinataka kuoana lakini hazijuani. Zinaweza kukaa miaka bila kusemezana. Anakuja mushenga, yule Wabemba wanayemuita shibukombe. Anaenda upande huu, anarudi upande ule, anapeleka maneno, anatuliza hasira, mpaka mambo yanatengenezeka. Ndoa ikifungwa, yeye haingii mu nyumba ya maarusi. Anaenda kufanya kazi hiyo hiyo kwa watu wengine.

Kichocheo ni mushenga wa kemia. Kinakutanisha vitu viwili ambavyo peke yao vingechukua muda murefu kuungana, ama vingetaka moto mukali sana. Vikisha kuungana, kinabaki huru na kinarudi ku kazi. Kichocheo kidogo kinaweza kutengeneza bidhaa nyingi.

Tata aliyetumika mu fabriki ya asidi anajua mufano mwingine. Huko wanachoma kiberiti cha njano, kinakuwa moshi. Ule moshi bado hauwezi kutoa asidi ya nguvu. Lazima ushike oksijeni nyingine, na peke yake unafanya hivyo polepole mno. Kwa hiyo wanaupitisha juu ya tabaka za vidonge vyenye madini ya vanadi. Hapo moshi unashika oksijeni haraka, na mwisho wake ni asidi sulfuriki, ile inayoyeyusha shaba na kobalti kutoka mu mawe yetu. Vanadi yenyewe inabaki palepale ku tabaka, miaka mingi, ikifanya kazi ileile.

Na kobalti yetu pia inapelekwa ku kazi ya namna hiyo. Mu fabriki kubwa za kusafisha petroli, kobalti ikichanganywa na molibdeni ndiyo inayosaidia kutoa kiberiti mu mazuti, ili moshi wa magari usichome kifua cha watu. Kongo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani. Wengi wetu tunafikiri kobalti ni mambo ya betri peke yake, kumbe iko na kazi hii ya mushenga tangu zamani.

Kilo moja ya dawa, kilo mia za uchafu

Sasa, shida iko wapi? Shida ni kwamba kemia, hata ile inayotengeneza dawa za hospitali, inatupa sana. Mu mwaka 1992, mwanakemia Roger Sheldon alitoa hesabu rahisi ambayo mutu yeyote anaweza kuifuata: ukitengeneza kilo moja ya bidhaa, umeacha nyuma kilo ngapi za uchafu? Ku kusafisha petroli, jibu ni chini ya gramu 100. Lakini ku dawa za hospitali, jibu ni kilo 25, mpaka 100, hata zaidi ya 100. Mule muna maji machafu, asidi zilizotumika, na viyeyusho.

Kichocheo kizuri kinapunguza hesabu ile. Lakini vichocheo vingi vinatoka mu madini: paladi, platini, nikeli, kobalti, zinki. Ili kuvipata lazima kuchimba, kusaga, kuchoma, kuyeyusha. Yaani unapunguza uchafu mu fabriki ya dawa kule Ulaya, na unaongeza uchafu ku karieri huku kwetu. Ni sawa na mutu anayefagia nyumba yake na kusukuma vumbi mu kiwanja cha jirani.

Ndipo watu wengine walijiuliza: kama madini yako tayari mu uchafu, juu ya nini tusiyachukue mulemule?

Kijiji cha wachimbaji mu kusini ya Ufaransa

Kuna kijiji mu kusini ya Ufaransa kinachoitwa Saint-Laurent-le-Minier. Jina lenyewe linataja mugodi. Karibu yake palikuwa na mugodi wa Les Malines, uliotoa zinki na risasi. Ulifungwa mwaka 1991. Kampani iliondoka, kazi iliisha, lakini udongo ulibaki na zinki, risasi na kadimi. Mutu wa Likasi ama wa Kipushi hahitaji kuelezwa sura ya mahali kama pale: mashimo, milima ya mabaki, vumbi wakati wa jua, maji yenye rangi wakati wa mvua.

Juu ya udongo ule mubaya, ambapo mimea mingi inakufa, kuna mumea mudogo wenye maua meupe unaoota bila wasiwasi. Wataalamu wanauita *Noccaea caerulescens*. Majani ya kawaida, yakikaushwa, mu kilo moja utakuta zinki kidogo sana, kiasi cha sehemu moja ya kumi ya gramu. Ule mumea unaweza kuweka mu kilo moja ya majani makavu zaidi ya gramu 10. Unavuta zinki kwa mizizi, unaipandisha juu, unaifungia mu majani, na haufi.

Watu walifurahi: basi tupande mumea huu, usafishe udongo! Lakini kulikuwa na swali moja lililosumbua: ukisha kuvuna majani yaliyojaa zinki, utayapeleka wapi? Ukiyatupa, zinki inarudi chini. Ukiyachoma ovyo, inaenda mu moshi. Hakuna mutu wa kulipa pesa kwa kulima mumea ambao mwisho wake ni uchafu mwingine.

Mwanakemia mumoja wa Montpellier, Bibi Claude Grison, mukubwa wa laboratwari ya CNRS na ya Chuo Kikuu cha Montpellier, alijibu swali lile kwa kuligeuza. Alisema: majani yale si uchafu. Ni gala la zinki, na zinki ndiyo chombo ambacho sisi wanakemia tunakitafuta.

Kazi yenyewe inaenda hivi. Wanavuna majani na kuacha mizizi ili mumea uote tena. Wanayakausha, wanayachoma mu furno iliyofungwa, karibu digrii 500, mpaka yanabaki majivu. Majivu wanayatia asidi ili kutoa madini. Kisha wanakausha, na mara nyingi wanashikisha ule unga juu ya udongo wa mufinyanzi wa aina maalum. Unga ule ndio kichocheo. Wanauita *écocatalyseur*.

Unasaidia kuunganisha vipande vya kemia kutengeneza vitu vinavyoingia mu dawa, mu manukato na mu bidhaa za kulinda mimea. Kazi ikiisha, wanachuja, wanaosha, wanarudisha unga ku kazi mara nyingine. Na kwa sababu mumea haukuvuta zinki peke yake, bali pamoja nayo kuna chuma, chokaa na manyezi, madini haya yanasaidiana mu kazi. Timu ya Montpellier iliandika kwamba kwa kazi zingine unga huu unafanya vizuri kuliko zinki safi inayonunuliwa mu duka la kemia.

CNRS ilimupa Bibi Grison medali ya uvumbuzi mwaka 2014. Mwaka 2022 ofisi ya Ulaya inayosimamia vyeti vya uvumbuzi ilimupa zawadi yake kwa upande wa utafiti.

Muti wenye damu ya kijani

Kazi ile haikubaki mu kijiji kimoja. Mu kisiwa cha Nouvelle-Calédonie, mbali sana mu bahari ya Pasifiki, wanachimba nikeli tangu zamani, na milima imeachwa mekundu, bila nyasi. Kule kuna muti, *Pycnandra acuminata*, ukiukata unatoa utomvu wa rangi ya kijani-bluu. Ukiukausha ule utomvu, karibu robo ya uzito wake ni nikeli. Kuna miti mingine inayokusanya manganezi. Timu ya Montpellier ilishirikiana na watu wa kule kupanda miti ya namna hii juu ya mabaki ya migodi, na majani yake yanatengenezwa vichocheo vya nikeli ama vya manganezi.

Kisha walishuka mu maji. Mumea ule unaofunika mito, ambao ndugu zetu wa ku Kinshasa wanauita *kongo ya sika*, kila mutu anaulaumu juu ya kufunga njia ya mitumbwi na nyavu. Walichukua mizizi yake, wakaikausha na kuisaga. Ule unga wa mizizi iliyokufa unashika madini yanayopita mu maji machafu, sawa vile sumaku inavyoshika misumari. Maji yanatoka safi zaidi, na unga uliojaa madini unageuka kichocheo.

Si mimea peke yake. Maganda ya mayai yakichomwa kwa moto mukali yanakuwa chokaa, na chokaa ile ni kichocheo kinachosaidia kugeuza mafuta yaliyokaangiwa kuwa mafuta ya injini. Matope mekundu yanayobaki wakati wa kutengeneza alumini yana chuma nyingi, na watu wa laboratwari wanayafanyia majaribio vilevile. Njia ni ileile: tazama kwanza ndani ya uchafu muna nini, kabla ya kwenda kuchimba shimo jipya.

Na sisi, maua ya shaba

Hapa lazima turudi nyumbani. Mimea inayovumilia madini, hakuna mahali duniani inapojulikana kuliko Katanga. Wazee wa kutafuta madini walijua: ukiona kilima kisicho na miti mikubwa, kimefunikwa na nyasi na maua madogo, chimba hapo. Mimea ya vilima vya shaba ni mamia ya aina, kutoka pande za Lubumbashi mpaka Kolwezi, na mingine haioti mahali pengine popote.

Mumoja unaitwa *Haumaniastrum katangense*. Una maua ya rangi ya zambarau, na unapenda udongo wenye shaba hata kama shaba ile ililetwa na mikono ya watu. Wachunguzi wa mambo ya kale waliufuata na kukuta mahali ambapo mababu walikuwa na furno za kuyeyusha shaba, wale waliotengeneza misalaba ya shaba. Moto ulizimika karne nyingi zilizopita, kijiji kilihama, lakini ua lilikuwa bado linaonyesha mahali.

Ndugu yake, *Haumaniastrum robertii*, alipata sifa kubwa mwaka 1977, wakati mwanasayansi Brooks alipoandika kwamba mu kilo moja ya majani yake makavu alikuta zaidi ya gramu 10 za kobalti. Mutu akisikia hivi moyo unaruka: basi tupande ua hili ku marembele yote, tuvune kobalti kama mahindi!

Polepole. Mwaka 2007 watafiti wa Ubelgiji pamoja na wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi walirudi juu ya hesabu zile. Waliosha majani vizuri kabla ya kuyapima. Wakaona kwamba kwa mimea mingi, sehemu ya shaba na kobalti iliyoandikwa zamani haikuwa ndani ya jani. Ilikuwa vumbi juu ya jani. Mimea inayovuta kobalti ipo, lakini si mingi na si kwa nguvu kama ilivyodhaniwa, na hata mumea wa aina moja unabadilika kulingana na udongo.

Tunasema jambo hili bila haya, juu ya sababu mbili. Kwanza, tusiuziwe ndoto. Leo mu Katanga hakuna shamba ambapo mutu anavuna kobalti kwa panga na kuiuza ku fabriki ya vichocheo. Pili, habari ya vumbi ile inagusa sufuria zetu, na tutaieleza chini.

Kuna kazi nyingine ambayo mimea inafanya, na hiyo imejaribiwa kwetu. Ku Penga Penga, mu Lubumbashi, upande ambako upepo ulipeleka moshi wa shimuni ya Gécamines kwa miaka mingi, udongo ulibaki uchi. Watafiti wa chuo kikuu chetu walijaribu nyasi ndogo inayoitwa *Microchloa kunthii*, pamoja na chokaa na mboji. Hawakutaka ivute madini. Walitaka ishike udongo, vumbi lisipande mu nyumba, maji ya mvua yasilibebe mpaka ku kisima. Mahali ambapo batoto wanacheza, kushika ni bora kuliko kuvuta, maana majani yaliyojaa madini si kitu cha kuacha karibu na mbuzi wala karibu na mutoto.

Na tuongeze hili: ile mimea inayoota kwetu peke yake, inaota juu ya vilima vilevile vinavyochimbwa. Kilima kikichimbwa chote bila mutu kuhifadhi mbegu, mumea unaisha duniani. Tutakuwa tumetupa chombo kabla ya kujua kazi yake.

Mulima mweusi wa Lubumbashi

Kila mutu wa Lubumbashi anaujua ule mulima mweusi ulio karibu na shimuni. Ni mawe meusi yaliyotoka mu furno, yaliyomwagwa yakiwa moto, siku kwa siku, tangu wakati wa Union Minière. Kwa miaka mingi tuliuona kama takataka. Kisha ikaonekana kwamba mule mulibaki kobalti, shaba na zinki, na tangu mwanzo wa miaka ya 2000 wanauchimba tena kama vile ni mugodi.

Mule muna pia germani, madini adimu. Mu mwaka 2024, STL, kampani ya Gécamines inayofanya kazi ya mulima ule, iliagana na Umicore ya Ubelgiji juu ya germani hiyo. Germani inaingia mu nyaya za kupitisha intaneti na mu miwani ya kuona usiku. Lakini iko pia na kazi tunayoisema leo: mu fabriki zingine za plastiki, zaidi kule Japani, germani ni kichocheo kinachosaidia kutengeneza plastiki ya chupa za maji. Uchafu wa furno ya Lubumbashi unaweza kabisa kuwa mushenga wa chupa inayouzwa upande mwingine wa dunia.

Sheria yetu ya madini yenyewe inakubali kwamba uchafu ni mali. Iko na kibali maalum cha kuchimba *rejets*, yaani mabaki. Wale wanaosema "ni takataka tu, mutuachie" wanajua vizuri wanachokisema.

Hapo ndipo maneno ya makala haya yanapolala. Kwa zaidi ya miaka mia tulitoa jiwe, na wengine walitoa akili ya kulibadilisha. Kama sasa tutatoa uchafu pia, na akili ibaki kulekule, hakuna kitu kitakachobadilika isipokuwa jina la mugunia. Zinki ya Les Malines haikupata bei mupya juu ya zinki kubadilika. Ilipata bei kwa sababu kulikuwa na laboratwari karibu, na mutu ndani yake aliyekuwa na muda wa kuuliza swali.

Maswali ya kuuliza

Tangu sheria ya 2018, kampani ya madini inapaswa kuweka 0,3 % ya mauzo yake kwa maendeleo ya watu wanaoishi karibu nayo, na kuagana nao mu *cahier des charges*. Pesa zile mara nyingi zinaenda ku visima, ku shule, ku dispansari. Ni vizuri, na hatusemi viachwe. Lakini wakati wa kikao, wajumbe wetu wanaweza kuuliza maswali mengine pia.

La kwanza: mu marembele haya muna madini gani, na kiasi gani? Mutu hawezi kulinda mali asiyoijua.

La pili: nani anapima udongo wa shule, maji ya kisima na mboga za soko, na majibu yanabandikwa wapi? Yasibaki mu dirowa la ofisi.

La tatu: je, sehemu ya pesa inaweza kununua vyombo vya laboratwari ya kemia ku chuo kikuu na ku shule za ufundi, ili watoto wa wachimbaji wapime mabaki ya kwao wenyewe? Mutoto aliyekulia mu kiwanja cha vumbi la kobalti, akisoma kemia, atakuwa na swali ambalo mutu wa mbali hawezi kuwa nalo.

La ine: kabla ya kuvunja kilima, nani amekusanya mbegu za mimea yake?

Neno kwa nyumba

Tunajua wasomaji wetu. Kuna mutu atasoma habari hizi na kusema: mimi pia nitakusanya majani ku remble, nichome, nitie asidi, nione kitakachotoka. Ndugu, hapana. Ile kazi inafanyiwa mu furno iliyofungwa, yenye kushika moshi, na watu waliovaa vya kujikinga. Majani yenye madini yakichomwa mu mbabula, madini yanaingia mu mapafu ya mama na ya mutoto mugongoni. Asidi inakula macho. Usichukue hata kuni wala nyasi za marembele kwa kupikia, wala kulisha mbuzi.

Na sasa ile habari ya vumbi juu ya majani. Kama watafiti walidanganywa na vumbi, sisi pia linatudanganya kila siku ku soko. Lengalenga na matembele yaliyolimwa kando ya barabara ya malori ya madini yana vumbi juu yake. Osha kwa maji safi, mara mbili ama tatu, kabla ya kukata, si baada ya kukata. Lakini mujue: kuosha kunatoa kile kilicho juu tu. Kile ambacho mumea umevuta kwa mizizi, maji hayakitoi. Kwa hiyo bustani ya mboga isiwe karibu na mabaki ya fabriki, wala isinyweshwe maji yanayotoka huko. Na tata akitoka ku karieri, nguo za kazi zisitingishwe mu nyumba. Zifuliwe peke yake, mbali na nguo za batoto.

Turudi ku munkoyo. Hakuna mutu aliyekuja kutoka mbali kuwafundisha bamama kazi ya ule muzizi. Mutu fulani, zamani, alionja uji, akaona kimebadilika kitu, akarudia tena kesho yake kwa uangalifu, akamufundisha binti yake. Sayansi ya vichocheo ilianza vilevile, na inaendelea vilevile. Kama mu nyumba yako kuna mutoto anayeuliza juu ya nini uji unalegea, ama juu ya nini ku kilima fulani miti haioti, usimufukuze. Mujibu unachojua. Usichokijua, mutume akamuulize mwalimu wake wa kemia, na wiki ijayo umuulize alijibiwa nini.